Kupima Kabla ya Moto

Kadi ya grafiki ikifika mezani kwa fundi anayeijua kazi yake, haiwashi. Anaigeuza kwanza chini ya taa, upande wa chipu na upande wa mgongo, akitafuta yale ambayo jicho peke yake linaweza kuyakamata: kapasita iliyong'oka, doa la kuungua kwenye ubao, kutu ya kijani kwenye miguu ya chipu, skrubu ambayo si ya pale. Mwenye kadi amesimama pembeni na anataka kujua bei. Fundi bado hajui tatizo ni nini, kwa hiyo bei hana.

Fundi ninayemsimulia hapa anafanya kazi nyumbani kwake Mbezi Luis, Dar es Salaam, katika chumba cha uani chenye dirisha moja na feni moja. Hana bango nje. Mbezi Luis iko kando ya Barabara ya Morogoro, na tangu Februari 2021, Stendi ya Magufuli ilipofunguliwa kuchukua nafasi ya ile ya Ubungo, mabasi ya mikoani hupakia na kushusha pale. Kwa kazi yake hiyo ni neema kubwa. Kadi zinamfikia kutoka Dodoma, Mwanza na Mbeya kama vifurushi vya basi, ndani ya maboksi ya viatu, zimezungushiwa magazeti au kipande cha kanga. Zinatoka kwa wahariri wa video za harusi, wachoraji wa ramani za nyumba, watengenezaji wa video za muziki na vijana wa gemu. Wengi wao walizinunua zikiwa tayari zimetumika, na hakuna aliyepewa karatasi ya dhamana.

Zilikotumika mwanzo ni jambo ambalo fundi hulizingatia. Kwa miaka kadhaa kadi za aina ya RX 570, RX 580 na GTX 1060 zilifungwa kwa mamia kwenye maghala ya kuchimba sarafu za kidijitali, zikifanya kazi usiku na mchana. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ulibadili utaratibu wake na uchimbaji wa kutumia kadi ukakoma kwenye mtandao huo. Kadi zikamwagwa sokoni kote duniani. Kadi iliyopitia maisha hayo ina dalili zake: feni zimelegea, mafuta yametiririka kutoka kwenye vipande laini vinavyopeleka joto la memori kwenye bati la kupoozea. Tena mara nyingi programu iliyomo kwenye chipu ndogo ya BIOS ilibadilishwa na wachimbaji ili memori ikimbie wanavyotaka wao.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu fundi huyu. Kaletewa RX 580 inayoonyesha picha vizuri kabisa wakati kompyuta inawaka, lakini Windows ikishapanda inaikataa. Fundi mwingine alikuwa ameshamwambia mwenye kadi kwamba chipu imekufa. Huyu wa Mbezi akasoma BIOS, akailinganisha na ile ya kiwandani ya kadi hiyohiyo, akaona zimetofautiana. Dereva za AMD huikagua BIOS, na ikiwa imechezewa hazikubali kuendesha kadi. Akaandika ile ya asili, akawasha, kazi ikaisha. Risasi ya kulehemu haikuyeyushwa hata tone. Kilichoiponya kadi ile ni swali lililoulizwa mahali pake.

Kwa kadi isiyowaka kabisa, maswali yanaulizwa kwa mita. Na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu uzuri wote wa kazi hii upo hapa.

Kadi inapokea volti 12 kutoka kwenye pawa saplai. Tundu la ubao mkuu peke yake linaruhusiwa kutoa wati 75, soketi ya pini sita inaongeza 75 nyingine, na ya pini nane inaongeza 150. Lakini chipu kuu haiwezi kula volti 12. Inataka volti 1 hivi, wakati mwingine pungufu, na inataka umeme mwingi sana kwa kiwango hicho kidogo: chipu inayotumia wati 100 kwa volti 1 inavuta ampea 100. Memori nazo zinataka volti yao, kama 1.35 au 1.5. Kuna njia ya volti 1.8, kuna ya 3.3, kuna ya 5, kuna nyingine ya karibu na 1 kwa ajili ya mawasiliano na ubao mkuu. Njia hizi hupanda kwa zamu. Moja ikigoma, zinazoifuata hazipandi, na kadi nzima inakaa kimya ingawa kilichoharibika ni kidude kidogo kuliko punje ya mchele.

Kwa hiyo, umeme ukiwa umezimwa, fundi anapima ukinzani wa kila njia mpaka kwenye ardhi ya ubao. Kwanza anagusanisha ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe, aone waya zake zinasoma kiasi gani, akipunguze kwenye hesabu. Kisha volti 12: kwenye kadi nzima anatarajia maelfu ya omu. Kisha memori: makumi ya omu kwenye kadi nyingi. Kisha koili za chipu kuu, ambapo wanafunzi wengi hupotea. Mita ikiwekwa kwenye mlio, hapo hulia. Mwanafunzi anaruka: shoti! Kumbe chipu kubwa iliyo hai ina ukinzani mdogo mno, omu moja au mbili, na kwenye kadi kubwa hata chini ya nusu omu. Mlio ule ni hali yake ya kawaida. Fundi huyu hausikilizi mlio, anasoma namba, na namba anailinganisha na daftari lake la kadi nzima alizowahi kuzipima. Daftari hilo, lenye jalada lililochakaa na mistari ya kalamu ya bluu, lina thamani kuliko chombo chochote kilichomo chumbani mle.

Tuseme volti 12 imesoma karibu na sifuri. Hiyo ni shoti kweli. Inaweza kuwa kapasita ya kauri iliyopasuka, au mosfeti, yaani swichi ndogo inayokata volti 12 maelfu na maelfu ya mara kwa sekunde ili koili na kapasita zilainishe kilichobaki kiwe volti 1. Mosfeti ya juu ikigandiana, volti 12 nzima inaweza kumiminika moja kwa moja kwenye chipu inayokula volti 1, na hapo chipu inakwenda. Ndiyo maana kadi ya namna hii haiwashwi kwa kubahatisha. Kila anayesema "ngoja tuijaribu tuone" anacheza na sehemu pekee ya kadi ambayo karibu haina spea.

Lakini mosfeti zipo sita, nane, kumi, na zote zimeungana kwenye njia moja, kwa hiyo kwenye mita zote zinaonekana zina shoti. Mbovu ni ipi? Fundi anachukua chanzo cha umeme cha mezani, anakiweka volti 1 tu, asizidishe, na kiwango cha ampea anakifunga. Anapitisha umeme huo kwenye njia yenye shoti. Kisha anamwaga spiriti safi juu ya ubao, utando mwembamba unaong'aa, na anatazama. Umeme unapita penye shoti, penye shoti panapata joto, na spiriti inakauka pale kwanza. Kiduara kikavu kinafunguka juu ya mosfeti moja. Wenye kamera za joto hufanya hivi kwa skrini yenye rangi, na hongera kwao. Mimi bado naona ile ya spiriti ni mojawapo ya mbinu nzuri kabisa alizowahi kubuni binadamu mwenye pesa kidogo na akili nyingi.

Sasa ndipo moto unaruhusiwa. Ubao wa kadi ya grafiki una matabaka mengi ya shaba ndani yake, na shaba inanyonya joto, kwa hiyo anaupasha kwanza kutoka chini. Risasi ya kulehemu ya kiwandani haina madini ya risasi tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya Julai 2006 iwasukume watengenezaji wa dunia nzima, na inayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Ya zamani, mchanganyiko wa bati 63 na risasi 37, inayeyuka kwenye nyuzi 183. Fundi anaongeza kidogo ya zamani juu ya ile mpya ili zichanganyike na kuyeyuka mapema, anapaka flaksi, anashusha bloa ya hewa moto, anangoja. Mosfeti haivutwi. Anaigusa kwa kibano, na risasi ikiwa tayari inayumba kidogo yenyewe, halafu inanyanyuka bila ubishi. Baada ya kuitoa anapima tena kabla ya kuweka mpya. Shoti imeondoka? Ndiyo. Basi ushahidi umekamilika. Mosfeti ya kuweka inatoka kwenye kadi iliyochinjwa, kama mafundi magari wanavyosema, na nayo inapimwa kabla ya kupachikwa.

Mafundi wa namna hii wana ukoo mrefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa miaka mingi mafundi wa umeme mdogo walijifunzia kwenye redio, wakipima transista mguu kwa mguu. Kijana wa leo anayepima mosfeti kwa ncha mbili za mita anarudia tendo lilelile, kwenye sehemu ndogo zaidi.

Memori zina namna yao ya kulalamika. Skrini inajaa vidoti vya rangi, mistari, vipande vya picha vilivyohama. Hapa fundi anatumia programu ya majaribio iitwayo MATS, ambayo huandika na kusoma kwenye kila chipu ya memori na kutaja ile inayokosea. GTX 1060 ya gigabaiti 6 ina chipu sita. Kubadilisha moja ni kung'oa kipande chenye vidonge 170 vya risasi chini yake, visivyoonekana, na kuketisha kingine mahali palepale bila kidonge kimoja kugusa jirani yake. Mtu anayeweza hivyo, kwenye meza ya mbao, huku akiomba umeme wa LUKU usikatike katikati ya joto, nitamwita bingwa.

Lipo jambo moja linalonikera, na nalisema waziwazi. Ni desturi ya kuchukua kadi iliyokufa na kuipiga bloa juu ya chipu kuu, au kuitia kwenye jiko la kuokea, kisha kumrudishia mteja kwa sababu imewaka. Mwezi Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta za mkononi zilizokuwa zinakufa kwa udhaifu wa malighafi ya kuunganishia. Udhaifu ule ulikuwa ndani ya chipu, kwenye vinundu vidogo vinavyoishikilia silikoni. Joto likipita, nyufa hukutana kwa muda. Siku au wiki kadhaa baadaye hufunguka tena. Anayeuza joto hilo kwa jina la ufundi anamuuzia mteja muda mfupi kwa bei ya muda mrefu, huku akiwa ameua vitu vingine njiani.

Chipu kuu ikiwa imekufa kweli, fundi wa Mbezi husema hivyo, huonyesha namba kwenye mita, na hudai ada ya kupima tu. Baadhi ya wateja hununa. Wamezoea kulipia kitu kilichobadilishwa, na kulipia kujua kunawawia vigumu. Nadhani wamekosea. Saa tatu za kupima ndizo zilizowaokoa wasinunue memori wasizozihitaji.

Siku moja mama mwenye studio ya picha alikuja kuchukua kadi yake, iliyokuwa imebadilishwa mosfeti. Ilikuwa imeshakaa kwenye mzigo mzito kwa saa kadhaa, feni zikivuma, joto likiandikwa kila baada ya muda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imepona?"

"Imepona. Lakini pawa saplai iko wapi?"

"Ipo studio. Kwani ina nini? Inawaka vizuri tu."

Fundi akamweleza kwamba mosfeti haifi bila sababu, na kwamba pawa saplai za bei rahisi hazina kinga ya kutosha umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Mama akasema ana harusi ya kuhariri, Jumamosi wanataka video. Fundi akaivuta kadi upande wake wa meza, kwa adabu, akasema ailete kwanza aipime kwenye mzigo, haitachukua nusu saa. Mama akatazama saa yake, akapiga simu studio, akamwambia kijana wake aifungue pawa saplai kwenye kompyuta, apande bodaboda aje nayo.