Kitenzi Bila Mtendaji: Lugha ya Somo la Historia na Wanafunzi wa Kawangware

1. Utangulizi

Mkazi wa Kawangware, magharibi ya Nairobi, haoni tabu kueleza kwa nini kituo kikuu cha magari mtaani mwake huitwa "46". Hiyo ilikuwa nambari ya njia ya basi. Basi lilikomea hapo, na nambari ikageuka jina la mahali. Mtoto aliyeipata habari hii huweza pia kumtaja aliyempa, awe mzazi, jirani au utingo. Kaskazini ya mtaa huo yapita barabara kuu iitwayo Waiyaki Way. Habari za mtu aliyeipa barabara jina lake zimo katika vitabu vya shule, na mwanafunzi huzijibu katika mtihani. Lakini ni nadra kwake kuzihusisha na ardhi anayoikanyaga, ingawa mambo yenyewe yalitendeka Dagoretti, eneo ambalo Kawangware ni sehemu yake.

Makala haya yanakusudia kuchunguza tofauti kati ya ujuzi huo wa aina mbili. Hoja yake ni kwamba kasoro ya somo la historia shuleni haitokani na uchache wa matukio yanayofundishwa, bali inatokana na sentensi inayoyabeba: sentensi isiyo na mtendaji wala msimulizi. Inadaiwa vilevile kwamba Kiswahili na fasihi yake kina nyenzo za kuirekebisha kasoro hiyo, ila walimu wa Kiswahili nao hawakuzitumia ipasavyo.

2. Somo na Mtihani

Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima linalotahiniwa, lakini haukuigusa lugha ya masomo mengine. Historia ilichanganywa na jiografia na uraia katika shule za msingi. Katika sekondari ikaitwa Historia na Serikali. Mtihani wa mwisho wa shule za msingi chini ya mfumo huo ulifanywa mwaka 2023, na mtaala mpya unaotilia mkazo umilisi umelipa somo la sekondari ya juu jina la Historia na Uraia. Jina limebadilika, na lugha ya somo ni ile ile.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni umbo la maswali. Kwa miaka mingi swali la historia katika mtihani wa sekondari limetaka hoja zihesabiwe: sababu tatu, matokeo matano, mchango wa aina sita. Msahihishaji naye huhesabu. Mwalimu mwenye darasa kubwa na muda mchache hufundisha kile kitakachohesabiwa, na si haki kumlaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hupokea mambo yaliyopita yakiwa yamekwisha kukatwakatwa. Haulizwi ni nani asemaye, amejuaje, wala ni nani angelikanusha.

Kwa mwanafunzi wa Kawangware uzito huu ni wa namna mbili. Nyumbani huenda akasema Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo au Kikamba. Uwanjani husema Kiswahili na Sheng. Historia huipata kwa Kiingereza. Hivyo lugha ambazo huzitumia kubishana, kushuku na kudai ushahidi hazimo katika chumba kinamofundishwa historia.

3. Sentensi ya Waiyaki

Ikifasiriwa kwa Kiswahili, sentensi ya kawaida ya somo hili huwa ya sura hii: Waiyaki alikamatwa, akapelekwa pwani, akafa njiani. Kisarufi haina kosa. Hata hivyo, mhakiki akiitazama kwa makini ataona mambo matatu.

Kwanza, vitenzi viwili vya mwanzo vimo katika kauli ya kutendwa, na nafasi inayofuata kiunganishi "na", anapokaa mtendaji, imeachwa tupu. Alikamatwa na nani? Pili, kitenzi cha tatu hakihitaji mtendaji kabisa; kifo kinakuja chenyewe, kama mvua. Tatu, kiambishi -ka- cha usimulizi huunganisha matukio kwa mfuatano tu. Kinaeleza lililotangulia na lililofuata, bila kueleza kwa nini.

Habari yenyewe, wakitajwa watendaji, ni kama ifuatavyo. Oktoba 1890 Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya IBEA, alipiga kambi Dagoretti, akala kiapo cha urafiki na Waiyaki wa Hinga, akajenga boma, kisha akaendelea na safari ya Uganda. Boma lile halikudumu. Mwaka 1891 Kampuni ilijenga boma jingine, Fort Smith, upande wa Kabete. Agosti 1892 Waiyaki aligombana humo na Purkiss, msimamizi wa boma. Watu wa boma walimjeruhi kichwani, wakamfunga, na Kampuni ikampeleka kwa njia ya pwani. Alifia Kibwezi.

Hapo ndipo masimulizi yanapogawanyika. Maandishi ya Wazungu wa wakati ule yanasema alikufa. Mapokeo ya Wakikuyu yanasema walimzika hai, kichwa chini. Tofauti kati ya "alikufa" na "walimzika" ni zaidi ya tofauti ya habari. Ni tofauti ya sarufi iliyobeba shtaka. Kitenzi cha kwanza kina mtu mmoja tu ndani yake, naye ni marehemu. Cha pili kina kiambishi wa- cha watendaji na -m- cha mtendwa, na msikilizaji hawezi kukisikia bila kuuliza hao "wa-" ni akina nani.

Si kazi ya mwalimu kuamuru kitenzi kipi kishike nafasi ya kingine. Walioandika walikuwa na sababu za kutotaka kulaumiwa. Waliosimulia nao waliipokea habari na kuipitisha katika miaka ya mapambano, ilipokuwa silaha ya kisiasa. Kila upande una ushahidi wa kupimwa. Lakini darasa linalopewa sentensi ya kwanza peke yake halipewi nafasi ya kupima chochote.

4. Habari na Msimulizi Wake

Neno "historia" halina umri mrefu katika Kiswahili. Wenyeji wa pwani walisema "tarehe" na "habari", na neno hili la pili lafaa kufikiriwa upya. Habari ni kitu anachotoa mtu. Huulizwa, hupokewa, huaminiwa au kukataliwa. Habari za Pate zilizochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 zilitoka kwa msimulizi anayejulikana, Bwana Kitini, wa ukoo wa Nabhani uliotawala Pate. Msomaji anayejua ukoo huo hujua pia ni wapi awe na hadhari. Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, katika Habari za Wakilindi, na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, katika utenzi wake juu ya vita vya Wajerumani Mrima, ni watunzi wenye majina, makao na misimamo. Abdul Karim bin Jamaliddini alipotunga utenzi wa Maji Maji hakujificha nyuma ya kauli ya kutendwa.

Haidaiwi hapa kwamba tungo hizo ni sahihi kuliko vitabu vya shule. Nyingi zina upendeleo ulio wazi. Ubora wake ni huo uwazi: upendeleo wenye jina la mtu unaweza kujibiwa. Kitabu cha shule husema kwa sauti isiyo ya mtu, na mwanafunzi hawezi kubishana na asiyekuwapo.

5. Tamthilia Darasani

Lawama haiwaangukii walimu wa historia peke yao. Fasihi ya Kiswahili tangu mwisho wa miaka ya 1960 imeshughulika na historia kwa bidii. Mwaka 1969 P. M. Kareithi alitoa Kaburi Bila Msalaba, hadithi ya vita vya Mau Mau, na mwaka huo huo Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile. Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1976, ilichapishwa mwaka 1978.

Kinjeketile inafaa kutazamwa zaidi, kwa kuwa kilele chake ni swali la ufundishaji wa historia. Mwishoni, Kinjeketile akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Mwenyewe amekwisha kuingiwa na shaka juu ya maji hayo. Hata hivyo anakataa, kwa kuwa anajua neno lake halitaishia gerezani. Watoto wa watoto wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigana. Mtazamaji anaachwa na swali gumu: je, mtu ana haki ya kunyamazia shaka yake ili vizazi vijavyo virithi ushujaa? Mwalimu wa historia hukumbana na swali hilo kila anapofundisha habari za mashujaa, ajue asijue.

Swali hilo hupata nini katika madarasa ya Kiswahili? Mara nyingi hupata orodha. Sifa za Kinjeketile hupangwa kwa nambari za Kirumi, dhamira hupangwa chini yake, na mbinu za uandishi hufuata. Somo la fasihi limeazima ugonjwa wa somo la historia. Kwa hiyo wanaodhani kwamba kufundisha historia kwa Kiswahili kutatosha kuiponya wamekosea. Lugha peke yake haizuii orodha.

Upo pia upotovu wa kinyume, wa kuichukua tamthilia kama ushahidi wa tukio. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake si yule wa kihistoria, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1905. Tamthilia ile haitoi ushahidi wa Ngarambe ya mwaka 1905. Inatoa ushahidi wa Dar es Salaam ya mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Katika kipindi hicho hicho wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Maji Maji. Vitu hivyo viwili, masimulizi na tamthilia, vikisomwa pamoja, humfundisha mwanafunzi kutofautisha kumbukumbu na ubunifu. Vikitenganishwa, kimoja huwa orodha na kingine huwa hekaya.

Mzalendo Kimathi nayo ina funzo kwa watoto wa mjini. Mvulana na msichana wanaogombania pesa mitaani hawafundishwi habari za Kimathi kwa kukaririshwa. Mwanamke mmoja anawatuma kazi yenye hatari, na katika kuifanya wanajua wao ni nani. Wanaingia katika historia wakiwa watendaji.

6. Swali Moja la Riruta

Ili hoja hii isibaki hewani, utolewe mfano wa jirani. Riruta, inayopakana na Kawangware, kuna seminari ya Kanisa la Kiorthodoksi yenye jina la Makarios III, Askofu Mkuu na Rais wa Kupro. Mwanafunzi anayeipita ana haki ya kuuliza: Waorthodoksi walifikaje Riruta?

Jibu linabeba sehemu kubwa ya silabasi. Linaanzia katika mgogoro wa tohara ya wanawake wa mwaka 1929, ambapo Wakikuyu wengi waliyaacha makanisa ya wamisionari na kuanzisha shule zao. Shule za chama cha Karing'a zilikuwa na nguvu Kiambu ya kusini, na Dagoretti wakati huo ilikuwa ya Kiambu. Askofu Daniel William Alexander alikuja kutoka Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1930, akawapa mapadre. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, ikazifunga shule hizo na kulipiga marufuku kanisa lao. Baada ya uhuru kanisa lilifufuka. Makarios, ambaye Waingereza walikuwa wamempeleka uhamishoni Shelisheli mwaka 1956, alilisaidia, na seminari ikafunguliwa mwaka 1982.

Mwanafunzi akikariri kwamba "shule zilifungwa", amepata alama moja. Akimtafuta mtu aliyekuwa mwanafunzi wa shule iliyofungwa, atapata kitenzi chenye watendaji, na pengine wataonekana miongoni mwao majirani waliosaidia kufunga na majirani waliokataa. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1952 sasa amepita themanini. Muda uliobaki si mrefu.

Itaulizwa: mwanafunzi ambaye babu zake walitoka Kakamega au Siaya ana nini na Karing'a? Swali hilo ndilo linaloonyesha nafasi ya Kiswahili. Mzee wa Riruta na mtoto wa mhamiaji hukutana katika lugha hiyo. Habari iliyofungwa ndani ya kabila moja hufunguka inaposimuliwa kwa jirani, na mtoto naye huenda kumwuliza bibi yake habari zilizowaleta Nairobi. Hili si suala la darasani tu. Mwishoni mwa Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio wa urais, wakazi wa Kawangware walipigana kwa misingi ya ukabila. Hakuna anayeweza kudai kwamba somo la historia lingeyazuia mapigano hayo. Lakini watu wanaoishi ukuta kwa ukuta bila kuzijua habari za wenzao hujazwa kwa urahisi habari zitungwazo na wengine.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba sarufi ya somo la historia humwondoa mtendaji katika tukio na msimulizi katika habari, na kwamba ufundishaji wa fasihi umeiga kasoro hiyo. Marekebisho yake hayahitaji gharama kubwa. Idara za Kiswahili na za historia zinazowaandaa walimu zinaweza kudai kwamba kila mwanafunzi wa ualimu akusanye habari moja katika mtaa anamofanyia mazoezi, aiandike pamoja na jina la msimulizi kwa idhini yake, mahali, tarehe na lugha iliyotumika, kisha aiweke kando ya sentensi ya kitabu na kuhakiki vitenzi vya pande zote mbili. Watunga mitihani nao wanaweza kuanza na swali moja tu, lenye masimulizi mawili yanayopingana, ambapo mwanafunzi hatahesabu hoja bali atatakiwa kueleza ni nani asemaye na kwa nini asadikiwe au asisadikiwe. Kifo cha Kibwezi kingefaa kuwa la kwanza.