Mashine Ifumbuayo Kila Siri

Yamkini umepata kusoma hadithi zielezazo mambo ya karne zijazo, au umeziona katika sinema. Aghalabu humo mna chumba chenye giza, na katika chumba hicho jasusi ameketi mbele ya kompyuta. Barua ya adui inaingia, imejaa herufi zisizosomeka. Jasusi anabonyeza kitufe, taa zinamulika, na mara herufi zile zinajipanga zenyewe kuwa maneno. Siri imefichuka, na vita vimeepushwa.

Hadithi za namna hii hupendeza, wala sikusudii kumkataza mtu kuzisoma. Lakini tulipoisoma mojawapo darasani, katika shule moja ya mitaa ya Eastlands, Nairobi, kijana mmoja wa Kaloleni alisema, "Mwalimu, kazi hiyo ni ya wenye mashine. Sisi tutaitazama tu." Neno lile lilinikaa moyoni. Hadithi ikimfanya msomaji aamini kuwa akili imo katika chombo, wala haimo kichwani mwake, basi ina kasoro, na kasoro hiyo yafaa itajwe.

Kwanza, hadithi hiyo ina kasoro ya usanii. Mwandishi ametuahidi fumbo, kisha ametunyima raha ya kulifumbua. Ili kumjibu kijana yule, niliandika ubaoni: NJNJ OB XFXF. Darasa lilinyamaza kwa muda. Kisha msichana mmoja akasema kuwa neno la kati lina herufi mbili, na kwamba Kiswahili kina maneno mengi ya namna hiyo yaishiayo kwa a: na, ya, wa, la. Mwenzake akaongeza kuwa, ikiwa B ni a, huenda kila herufi imesogezwa hatua moja mbele. Wakarudi nyuma hatua moja moja, O ikawa n, na maneno yote yakasomeka: "Mimi na wewe." Walipiga makofi. Hawakuwa na mashine. Walikuwa na lugha yao. Siri ya mtungi muulize kata.

Pili, ina kasoro ya ukweli, na ushahidi wake uko hapa hapa Kenya. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Wajapani ziliushambulia mji wa Colombo, ambako Waingereza walikuwa na wafumbuzi wao wa maandishi ya siri. Baada ya shambulio hilo wafumbuzi wale walihamishiwa Kilindini, Mombasa, wakafanya kazi katika jengo la shule ya Allidina Visram. Naam, katika shule! Mwaka ule ule waliufumbua mwandiko wa siri wa meli za biashara za Japani, ulioitwa JN-40. Je, mlango ulifunguka vipi? Mpelekaji mmoja wa taarifa alisahau kutaja mahali meli ilipo. Akaipeleka taarifa yake mara ya pili, ameongeza mahali hapo, lakini kwa ufunguo ule ule. Wafumbuzi wakaziweka taarifa mbili sambamba, wakazilinganisha, na siri ikatoka. Uzembe wa mtu mmoja ulikutana na uangalifu wa watu wengine.

Haki hutaka niseme na upande wa pili. Mashine zilisaidia sana. Zile alizobuni Alan Turing pamoja na wenzake huko Bletchley Park, Uingereza, zilijaribu funguo nyingi kwa haraka ambayo mkono wa mtu haungeiweza. Hata hivyo, mtu alilazimika kwanza kukisia maneno yaliyomo katika taarifa ya Wajerumani. Bila kisio hilo, mashine haikuwa na la kutafuta. Na maandishi ya siri ya leo, yakitengenezwa vema, yana funguo nyingi mno hata kompyuta yenye nguvu haiwezi kuzijaribu zote katika umri wa mwanadamu. Ndiyo maana wezi hawahangaiki nayo. Humpigia simu mama mwenye genge la mboga Shauri Moyo, wakajifanya maofisa, wakamwomba namba yake ya siri. Fumbo halikuvunjwa, aliyevunjwa ni mtu.

Basi hapa ndipo mwandishi wa hadithi zile anapopotea. Ametazama chombo, akawasahau watu: yule aliyeficha, yule aliyekosea, na yule aliyeketi usiku kucha akitafuta kosa. Hao ndio hadithi yenyewe. Ukiwaondoa, kinachobaki ni taa zinazomulika.

Nakusihi, msomaji, ukutanapo tena na mashine ya aina hiyo kitabuni, uulize: nani aliiambia itafute nini? Mwandishi akikujibu, endelea kusoma kwa furaha. Asipokujibu, funga kitabu kwa muda, uchukue penseli, umwandikie rafiki yako wa Jericho au Bahati mstari mmoja wa fumbo, naye akuandikie wake. Kijana yule wa Kaloleni alifanya hivyo. Juma lililofuata aliniletea karatasi yenye mistari minne, nami nilikesha nayo siku mbili kabla ya kuisoma.