Kama Asingejua Kupiga Mbira

Viko vitabu viingiavyo nyumbani mwetu ndani ya mikoba ya watoto wa shule, vikatoka tena bila wazee kujua vilivyosema. Kimoja ni Takadini, hadithi iliyotungwa kwa Kiingereza na Ben Hanson, ikapigwa chapa mwaka 1997, na kusomwa na vijana wengi katika shule za sekondari za Tanzania. Sisi tulio walimu katika nchi ya Shinyanga tumeifundisha mara nyingi, na kila mara tumeisifu. Leo twataka kuipima, kwa maana swali la mwanafunzi mmoja lilituonyesha kwamba sifa zetu zilikuwa nyepesi.

Habari yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Zamani, katika nchi ambayo sasa huitwa Zimbabwe, alikuwako mwanamke jina lake Sekai, mke wa Makwati. Miaka mingi alikaa bila mtoto, na huzuni yake ilikuwa kubwa. Hatimaye akazaa mwana, walakini mwana huyo alikuwa na ualbino, yaani alizaliwa bila rangi ya kawaida katika ngozi, nywele na macho. Desturi ya kijiji ilikataza mtoto wa namna hiyo kuishi, naye Makwati akawasikiliza wazee. Ndipo Sekai akamchukua mtoto akakimbia, akaenda mpaka kijiji cha mkuu Masasa, na huko mzee mmoja, Chivero, akawapokea nyumbani mwake. Watu wa kijiji waliwaogopa, wakawatenga. Lakini Chivero alimfundisha kijana kupiga mbira, chombo kilicho ndugu ya ilimba ya Wagogo, hata akawa fundi, na watu waliomkimbia wakaketi kumsikiliza. Mwisho msichana Tendai akampenda.

Siku moja tuliwauliza wanafunzi ni jambo gani lililowapendeza kupita yote. Karibu wote wakajibu: mbira. Mmoja akasema kwamba Mungu hamnyimi mtu vyote; mwingine akasema kwamba kila mtu ana kipawa chake. Tulikuwa tukiandika majibu hayo ubaoni kwa furaha, ndipo binti mmoja, ambaye twajua kwamba analelewa katika nyumba isiyo ya wazazi wake, akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, na kama asingejua kupiga?" Darasa likanyamaza, na sisi tukanyamaza pia. Kengele ilipolia tulishukuru, maana hatukuwa na jibu.

Tangu siku ile tumekisoma kitabu tena kwa jicho jingine. Kwanza tuseme yaliyo mema, kwa kuwa ni mengi. Mtungaji hakumfanya Sekai kuwa malaika. Alimfanya mama, mwenye hofu na uchovu, ambaye hata hivyo anamchagua mtoto kuliko nyumba ya mume wake. Wala hakuwafanya wanakijiji kuwa wanyama. Wanaogopa, nao wamefundishwa kuogopa tangu utoto. Hata Makwati alitaka mtoto kwa moyo wake wote. Alishindwa kwa sababu hakuthubutu kusimama peke yake mbele ya wazee. Hilo ni kweli kabisa, na wanaume wasomao kitabu wajitazame hapo.

Walakini twaona kosa, nalo li katikati ya uzuri wake. Kijiji kinampokea Takadini baada ya kufaidika naye. Kabla ya mbira yeye ni msiba. Baada ya mbira yeye ni mtu. Basi msomaji kijana aweza kufunga kitabu akidhani kwamba mtoto aliye tofauti hana budi kulipia uji wake, na akikosa cha kulipia, wale waliomtenga walikuwa na haki.

Hapo wenzetu wengine watatujibu: je, si vema mtoto afundishwe kazi ili aheshimiwe? Ni vema sana. Kazi ya mikono ni mkate, na kila mtoto apewe. Lakini kumpa mtoto kazi ili ale kesho ni jambo moja, na kumfanyia kazi hiyo kuwa hati ya kuingilia mlangoni ni jambo jingine. Na kitabu chenyewe, tukikisoma taratibu, chatushuhudia. Chivero aliufungua mlango wake siku ile ambayo mtoto alikuwa mchanga asiyejua kupiga chochote isipokuwa kelele za njaa. Hakuuliza mtoto huyu atatufaa nini. Jibu la swali la binti yule lilikuwa limeandikwa katika tendo la mzee huyu, nasi tukalipita mbio tukienda kuisikiliza mbira.

Msomaji asidhani kwamba kosa hili ni la kitabu kimoja tu. Twataka kuleta ushahidi wa mbali, wa watoto wa Korea. Vita vya Korea viliposimama mwaka 1953, mayatima walikuwa wengi. Mwaka 1955 mkulima mmoja Mkristo wa jimbo la Oregon katika Marekani, Harry Holt, pamoja na mkewe Bertha, waliokuwa tayari na watoto sita wa kuzaa, wakachukua watoto wanane wa Korea kuwa watoto wao. Wengi wakawafuata, na kati ya mwaka 1955 na 1999 watoto zaidi ya 140,000 wa Korea walipelekwa nchi za ng'ambo. Huruma ilikuwako, na nyumba nyingi zilikuwa njema. Lakini mwezi wa Machi 2025 tume ya serikali ya Korea ya Kusini ilitangaza kwamba katika kazi hiyo hati nyingi ziliandikwa kwa uongo, na watoto wenye wazazi walio hai waliandikwa kuwa yatima.

Mmoja wa watoto wale, Deann Borshay Liem, alitengeneza sinema ya maisha yake mwenyewe mwaka 2000. Jina lake kwa Kiingereza ni First Person Plural, maneno ya sarufi ambayo maana yake ni nafsi ya kwanza katika wingi, yaani neno dogo "sisi". Alifika California mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka minane, kwa jina na hati za msichana mwingine. Familia iliyompokea ilikuwa ikimtumia msichana huyo fedha kila mwezi. Baba yake alipomchukua kutoka makao ya yatima, wakubwa wa makao wakampeleka huyu mahali pake. Mtoto alipojua Kiingereza cha kutosha alimwambia mama yake mpya kwamba yeye siye yule wa kwenye hati, tena kwamba ana mama na ndugu. Mama akamwambia kwa upole kwamba hizo ni ndoto. Mtoto akaamini, akajisahau, akasahau na lugha yake. Alipokuwa mtu mzima ndipo aliziona picha mbili za watoto wawili zilizoandikwa jina moja, akajua kwamba hakuota.

Uzuri wa sinema hii ni kwamba haimtukani mtu. Wazee wa Marekani wanapendeza, wanacheka, wanampenda binti yao kweli, hata wanasafiri naye kwenda Korea kuketi pamoja na mama aliyemzaa. Twasema kwamba katika jambo hili sinema imepita kitabu chetu. Takadini alilipa kwa mbira. Mtoto huyu alilipa kwa shukrani, kwa kuwa mtoto mchangamfu asiyesumbua na kwa kunyamaza juu ya mama yake. Kitabu chaonyesha malipo kana kwamba ni ushindi, lakini sinema yaonyesha malipo hayo yalivyo ghali.

Sasa turudi kwetu Shinyanga na Geita, kwa kuwa hapa maneno haya si ya darasani tu. Tangu mwaka 2006 hivi, na miaka iliyofuata, watu wenye ualbino waliwindwa katika nchi za Ziwa, kwa sababu wapiga ramli walidanganya kwamba viungo vyao huleta bahati katika uvuvi na katika duara za dhahabu. Mwezi wa Januari 2015 serikali ilipiga marufuku kazi ya wapiga ramli. Lakini mwezi wa Februari mwaka ule ule mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa mikononi mwa mama yake huko Chato, mkoa wa Geita, akauawa. Watoto wengi walikusanywa katika kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, na wakati mmoja idadi yao ilipita 300. Ukuta uliwalinda roho zao, nasi tusiudharau. Lakini ukuta haumjui mtoto kwa jina la nyumbani. Wazazi wengine walikuja kuwatazama watoto wao, wengine hawakurudi.

Hapa yatupasa kusema tena neno moja la kukikosoa kitabu. Katika Takadini adui ni desturi na hofu, na hofu huweza kulainishwa kwa muziki. Adui wa kwetu alikuwa mnunuzi mwenye fedha. Mwuaji wa namna hiyo hamwogopi mtoto, bali amempa bei. Basi mwalimu afundishaye kitabu hiki Geita bila kuitaja dhahabu anawafundisha watoto habari za chui wakati nyoka yumo ndani ya nyumba. Aseme waziwazi kwamba dhahabu imo katika miamba ya kale tangu kabla mtu yeyote hajazaliwa, wala mwamba hauna masikio ya kusikia uganga. Aseme pia kwamba ualbino hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, ambao mara nyingi wenyewe wana rangi ya kawaida, na katika uzazi wa watu hao kila mtoto ana bahati moja katika nne ya kuzaliwa hivyo. Basi mama asifukuzwe kama Sekai, wala asisingiziwe.

Lakini baada ya hofu huja siku za kawaida, nazo ndizo nyingi. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nyumba ya Kikristo impokeayo mtoto wa namna hii, awe wa ndugu au wa mbali, inahitaji nini? Inahitaji kofia pana na nguo ya mikono mirefu kila asubuhi, na mafuta ya kuzuia jua, kama yale ya Kilisun yatengenezwayo Moshi, kwa kuwa jua huleta saratani ya ngozi. Inahitaji kumwambia mwalimu kwamba mtoto haoni mbali, akae dawati la mbele. Inahitaji kumpa kazi za nyumbani kama wengine, ila za kivulini: achambue mboga, aoshe vyombo, asichunge ng'ombe mchana kutwa. Na akikosea aonywe kama wengine, maana mtoto asiyeonywa kamwe ni mgeni, na mgeni ana siku ya kuondoka.

Inahitaji pia mambo mawili ambayo hayanunuliwi dukani. La kwanza, asiambiwe kila mara ashukuru. Tumesikia wageni wakimwambia mtoto mbele ya chakula, "Una bahati wewe, umeokotwa." Hilo ni deni linaloandikwa juu ya sahani. La pili, mama yake wa kwanza asifutwe. Musa alilelewa na binti Farao, lakini alinyonyeshwa na mama yake mwenyewe, wala Maandiko hayaoni aibu kuwataja wote wawili. Jina la mtoto, kijiji chake na ndugu zake viandikwe na kutunzwa, na ikiwa wako hai apelekwe kuwaona inapokuwa salama. Wala mtu asichukue mtoto kwa siri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka njia ya malezi ya kambo na njia ya kuasili mtoto, na ya kuasili hupita mahakamani; afisa wa ustawi wa jamii ndiye wa kuanzia. Korea yatufundisha kwamba huruma isiyo na hati za kweli yaweza kumwibia mtoto nafsi yake.

Je, tukitupe kitabu cha Takadini? Hasha. Kisomwe, tena kisomwe nyumbani, kijana akiwafasiria wazee jioni. Ila msomaji akifika penye mbira asishangilie haraka. Arudi nyuma mpaka mlangoni kwa Chivero, ambapo mama amesimama na mtoto asiyejua kitu, na mzee anasema waingie. Hapo ndipo kilele cha hadithi, ijapokuwa mtungaji mwenyewe amekiweka mbele zaidi.

Na binti yule aliyetuuliza, tulimjibu baada ya majuma mawili, mbele ya darasa lote. Tulimwambia, kama asingejua kupiga, Chivero angempa chakula vilevile. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi Chivero alikuwa peke yake." Ni kweli, katika kitabu alikuwa karibu peke yake. Katika vijiji vyetu asiwe hivyo.