Mfugo wa Chini ya Udongo

Mashamba ya Balambala, Garissa, yameng'ang'ania ukingo wa mto Tana. Pampu ikisimama, nyanya na tikiti hazina siku nyingi. Lakini maji hayohayo yakituama kitaluni huleta balaa jingine: mche uliochipua vizuri jana leo umelala, shina limesinyaa pale linapotoka ardhini. Hicho ni kinyausi. Miche iliyonusurika yaweza baadaye kupatwa na mnyauko wa fuzari, majani ya chini yakianza kugeuka njano. Kuvu ya fuzari hudumu udongoni kwa miaka, hata pasipo nyanya, na dawa ya kupulizia majani haiifikii.

Ndiyo maana nawastahi wakulima wanaoiwinda kuvu kwa kuvu. Trikodema ni kuvu ya kijani inayoishi udongoni kiasili. Mwaka 1932 Richard Weindling, mtafiti wa huko Kalifornia, alieleza jinsi nyuzi zake zinavyojisokota kwenye nyuzi za kuvu inayoua miche na kuila. Tena huiwahi chakula na nafasi kando ya mzizi, na huuamsha mmea ujikinge. Hapa Kenya imekuwa ikizalishwa na kampuni kama Dudutech ya Naivasha na Real IPM ya Thika.

Kuinunua ni rahisi. Ufundi uko katika kuitunza. Dawa hii ni kiumbe hai, na mtu wa Balambala aliyekulia kwenye malisho anaelewa upesi inataka nini: chakula, maji na kivuli, kama mfugo wowote. Chakula chake ni samadi iliyooza sawasawa, kwani mbichi bado ina joto. Mkulima stadi huichanganya na samadi hiyo, akaifunika isikauke, ndipo akaitia kitaluni kabla ya kusia mbegu. Hungoja jioni, maana jua kali la Garissa huiua. Humwagilia kiasi cha udongo kushikana mkononi bila kuchuruzika. Dawa za kuua kuvu haziweki katika pampu moja nayo.

Zaidi ya yote, huwahi. Trikodema haiufufui mche ulioanguka. Kazi yake ni kufika kwenye mzizi kabla ya adui. Kwa hiyo siku ya kuhamisha, fundi hung'oa mche mmoja mmoja na kuutazama chini kabla ya juu. Mizizi myeupe, yenye vinyweleo tele, huichovya kwenye maji ya trikodema na kuipanda. Ya kahawia huitupa, hata majani yakiwa yamestawi.

Tana nao hauna huruma. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024 yalifunika mashamba ya ukingoni. Udongo ukikaa chini ya maji, trikodema hukosa hewa na kupungua. Maji yakishuka, fundi huanza tena na samadi, kama mfugaji anayejenga zizi upya baada ya ukame.