Alama Hamsini za Bia: Jinsi Bia za Westvleteren Zinavyoonjwa na Kupimwa

Fomu ya kuhukumia bia inayotumiwa na Beer Judge Certification Program, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1985 ili kuwafunza na kuwathibitisha waamuzi wa bia, inatoa alama zisizozidi 50 kwa kila bia, nazo hazikugawanywa sawasawa: harufu ina alama 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya kinywani 5 na tathmini ya jumla 10. Mgawanyo huo ni msimamo kuhusu bia ni kitu gani, kwa kuwa unampa mwonjaji alama 32 za pua na ulimi huku macho yakiachiwa tatu tu, ingawa ni macho yanayotangulia kushawishika. BeerAdvocate, ambayo imekusanya tathmini za wanywaji wa kawaida kwa miaka mingi, inatumia asilimia 24 kwa harufu, 6 kwa mwonekano, 40 kwa ladha, 10 kwa hisia ya kinywani na 20 kwa jumla, yaani uwiano uleule wa fomu ya waamuzi. Kwa hiyo jaji aliyefuzu na mnywaji wa kawaida hawatofautiani katika hesabu. Wanatofautiana katika utaratibu unaotangulia hesabu, na utaratibu huo ndio unaoamua iwapo alama ina maana yoyote.

Mfano unaofaa kuuchambua ni wa kiwanda kidogo cha abasia ya Sint-Sixtus huko Westvleteren, Ubelgiji, nyumba ya watawa wa Kitrapisti iliyoanzishwa mwaka 1831. Watawa hao hutengeneza bia tatu tu: Blond yenye kileo cha asilimia 5.8, ile iitwayo 8 yenye asilimia 8, na ile iitwayo 12 yenye asilimia 10.2, nao hutengeneza kiasi cha kukidhi mahitaji ya abasia bila kukusudia kupanua biashara. Kwa miongo mingi chupa zao ziliuzwa bila lebo ya karatasi, na mnywaji alizitambua kwa rangi ya kizibo, kijani kwa Blond, buluu kwa 8 na manjano kwa 12. Uchache wa aina na uchache wa chupa unaiweka wazi kila hatua ya uonjaji, pamoja na udhaifu wake.

Bia huonjwa kuanzia iliyo nyepesi kuelekea iliyo nzito, kwa maana sukari na kileo cha bia kali hubaki kinywani na kuifanya bia nyepesi inayofuata ionekane kama maji. Hivyo Blond hutangulia na 12 humaliza. Anayemimina hawi anayeonja, na vizibo huondolewa mbali na meza, kwani kizibo cha manjano peke yake kinatosha kuziinua alama kabla bilauri haijafika mdomoni. Joto la bia nalo ni jambo zito. Mnywaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea lager kama Kilimanjaro au Tusker huitaka ikiwa baridi sana, na kwa bia ya aina hiyo ana haki, kwa sababu uzuri wake umo katika kuburudisha na harufu yake ni ndogo kwa makusudi. Bia ya 12 ikinywewa kwa ubaridi huo hufungwa karibu yote: viini vya harufu haviwezi kuruka kutoka kwenye kimiminika kwa wingi unaotosha kufika puani, na kinachobaki ni utamu na kileo. Inafaa kuonjwa ikiwa na joto la nyuzi kati ya 12 na 16 za Selsiasi, katika bilauri pana isiyojazwa, ili hewa iliyo juu ya bia iwe na nafasi ya kubeba harufu.

Harufu hupimwa kwanza kabisa, mara tu bia inapomiminwa, kwa sababu baadhi ya viini vyake hutoweka ndani ya dakika chache na pua huchoka haraka kuliko ulimi. Katika 12 mwonjaji anayeinusa kwa mivuto mifupi hukutana na harufu ya tende, zabibu kavu na tini, kisha mkate uliookwa hadi ukaiva vizuri, kisha ukali mdogo unaokumbusha pilipili manga. Kila kimojawapo kina chanzo chake. Harufu za matunda hutokana hasa na esta, yaani viini vinavyozaliwa wakati chachu inapogeuza sukari kuwa kileo, na huongezeka chachu inapofanya kazi katika joto la juu. Harufu ya viungo hutokana na fenoli, kundi jingine la viini vinavyotolewa na chachu za Kibelgiji. Na harufu ya mkate hutoka kwenye kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa kwa moto. Mwonjaji anayeandika tu kwamba bia inanukia vizuri hajampa mtengenezaji chochote cha kufanyia kazi. Anayeandika kwamba esta zimeizidi harufu ya kimea amemwonyesha mahali pa kutazama, napo ni chachu na joto la uchachushaji.

Mwonekano hauhitaji muda mrefu: rangi, uangavu, na povu, ambalo katika bia hii hutakiwa kuwa zito na la kudumu. Ladha ndiyo yenye uzito mkubwa, nayo hufuatwa tangu bia inapogusa ulimi hadi baada ya kumezwa, kwa kuwa uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na sehemu ya harufu, husikika zaidi mwishoni. Hii ndiyo sababu waamuzi wa bia humeza kidogo badala ya kutema. Hisia ya kinywani ni uzito wa kimiminika, mchomo wa gesi na ujoto wa kileo. Katika 12 ujoto huo unapaswa kusikika kifuani bila kuunguza koo.

Sehemu ngumu zaidi ni kutambua kasoro, kwa kuwa jambo lilelile linaweza kuwa kosa katika bia moja na fadhila katika nyingine. Harufu ya siagi itokanayo na daiasetili, au ya tufaha bichi itokanayo na asetaldehidi, huhesabiwa kuwa kasoro katika bia zote tatu. Lakini oksijeni, ambayo huibadilisha bia polepole ikiwa chupani, haina hukumu moja. Katika Blond huleta ladha ya karatasi iliyolowana na kuua uchangamfu wa hopsi, na alama lazima zishuke. Katika 12 iliyokaa miaka kadhaa mahali penye giza na ubaridi wa wastani, mabadiliko hayohayo yanaweza kuleta harufu kama ya divai ya sheri inayofungamana vyema na ile ya matunda makavu. Kwa sababu hiyo, alama ya 12 isiyoambatana na umri wa chupa ina kasoro kubwa, maana bia ya miezi mitatu na bia ya miaka mitano si kitu kimoja hata kama zilitoka katika pipa moja.

Lipo tatizo jingine ambalo waamuzi hawalizungumzii vya kutosha. Fomu yao hupima bia dhidi ya mtindo, yaani maelezo yaliyoandikwa ya jinsi bia ya aina fulani inavyopaswa kuwa, na maelezo ya mtindo wa bia kali nyeusi ya Kibelgiji, wenye kileo cha asilimia 8 hadi 12, yanaitaja Westvleteren 12 miongoni mwa mifano yake. Bia inayopimwa ni mojawapo ya zile zilizotumika kutengenezea mizani, kwa hiyo kuisifu kwa kulingana na mtindo ni kusema jambo lilelile mara mbili. Bia ya 8 hupata taabu iliyo kinyume: kileo chake kimepita kikomo cha asilimia 7.6 cha mtindo wa dubbel, na wakati huohuo kimesimama kwenye ukingo wa chini kabisa wa mtindo wa bia kali nyeusi, hata jaji mwenye kufuata maandishi bila kufikiri anaweza kuipunguzia alama kwa kosa la kuzaliwa katikati. Alama zinazostahili kuaminiwa hapa ni zile za ladha na za jumla, ambako jaji analazimika kueleza kama sehemu za bia zinapatana.

Mwaka 2005 RateBeer, iliyokusanya alama za wanywaji, iliitaja 12 kuwa bia bora duniani, na magari yakapanga foleni mbele ya abasia. Hesabu za namna hiyo huwa na kinga moja ya busara: wastani wa bia yenye wapimaji wachache huvutwa kuelekea wastani wa bia zote. Tuseme bia ya kiwanda kidogo ina wapimaji watano waliotoa wastani wa 4.6, wastani wa bia zote ni 3.8, na kanuni inaongeza uzito wa wapimaji kumi wa kubuni. Bia hiyo itaorodheshwa kwa takriban 4.07. Kinga hiyo huzuia sifa za marafiki watano, lakini haiwezi kurekebisha hamu ya watu elfu waliosafiri, wakasubiri na kulipa ili waipate chupa, kwa sababu hamu yao imo ndani ya kila alama na inaelekea upande mmoja.

Hamu hiyo huondolewa kwa jaribio la pembetatu. Kiwanda cha St. Bernardus kilichopo Watou, karibu na abasia, kilitengeneza bia za Sint-Sixtus kwa leseni tangu 1946 hadi 1992, na hadi leo kinatengeneza Abt 12 yenye kileo cha asilimia 10, jamaa wa karibu wa bia ya watawa lakini yenye kupatikana madukani kwa urahisi. Kila mwonjaji hupewa bilauri tatu zisizo na alama, mbili za bia moja na ya tatu ya bia nyingine, kisha huombwa aitaje iliyo tofauti. Anayebahatisha atapata jibu sahihi mara moja katika kila mara tatu, hivyo katika kundi la waonjaji 12 wanatarajiwa kupatia wanne hata kama hakuna aliyehisi lolote, na hutakiwa wapatie angalau wanane ndipo iaminike kwamba tofauti inasikika kweli. Wakishindwa kufikia wanane, jaribio halijathibitisha kwamba bia hizo ni sawa, ila pengo kubwa la alama kati yake halina ushahidi wa ulimi. Wakifikia, ndipo inapofaa kuwarudishia fomu ya alama 50 na kuwauliza tofauti waliyoisikia iko wapi: puani, ulimini, au katika ujoto wa kileo.