Boma na Kanisa Katika Ufuko wa Tanganyika

Neno boma maana yake ni ua wa miti au wa mawe wa kujikinga na adui. Kanisa ni nyumba ya sala. Lakini katika ufuko wa Ziwa Tanganyika mambo hayo mawili yalikaa ndani ya ukuta mmoja.

Huko Karema, kusini ya Ujiji, Kapteni Cambier wa Ubelgiji alianza boma mwaka 1879. Ng'ambo ya ziwa, Storms, Mbelgiji mwenzake, alijenga la Mpala mwaka 1883. Mwaka 1885 yote mawili yalikabidhiwa kwa mapadre wa Kardinali Lavigerie; hivyo sala ikaingia katika kuta zilizojengwa na askari. Mwaka 1887 akafika Mpala Kapteni Joubert, Mfaransa aliyepata kuwa askari wa Papa, akawafundisha watu wa hapo kutumia bunduki ili kuwazuia wateka watumwa.

Waandishi wa habari hizi wamegawanyika. Wengine wamsifu Joubert kuwa mlinzi wa wanyonge, wala hawasemi zaidi. Wengine wanena kwamba msalaba ulikuwa kifuniko cha bunduki tu. Kwa maoni yetu, kila upande umetazama uso mmoja wa ukuta. Waliokimbilia bomani waliponea humo kweli, na asiyekiri hayo awadharau watumwa wenyewe. Lakini mwenye askari hukawii kumwona akiamua kesi na kutoa adhabu. Ndivyo ilivyokuwa Mpala, misheni ikashika utawala wa nchi.

Jambo hili si geni. Huko Albi, Ufaransa, kanisa kuu lililoanzwa mwaka 1282 lina kuta ndefu za matofali kama ngome. Lilijengwa baada ya vita juu ya Wakristo walioitwa wazushi, na ukuta wake uliwaonya wenyeji wenyewe. Huko Mombasa, Wareno walianza ngome mwaka 1593 wakaiita kwa jina la Yesu, na ndani yake wakaweka kanisa.

Basi apimaye kanisa lenye boma asitosheke kuuliza kama waliomo walisali. Na aulize: ukuta huu wamkinga nani, na ufunguo wa lango u mkononi mwa nani? Zaburi humwita Mungu ngome. Tulisomapo neno hilo ufukoni hapa, yafaa tukumbuke waliopona ndani ya boma, na pia waliohukumiwa humo.