Namba ya kidato cha nne na daftari la wahitimu

Shule za kata zilienea nchini kwa kasi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, kuanza mwaka 2004. Wanafunzi wa kwanza wa shule hizo, wa hapa Chamwino wakiwamo, sasa wamepita miaka thelathini: walimu, wauguzi, askari, wenye maduka. Shule ikihitaji bweni au matundu ya vyoo, fomu ya kuwauliza wahitimu inatupwa kwenye kundi la WhatsApp, wanajibu walewale, kisha inasemwa wahitimu hawana moyo. Sikubaliani. Kasoro iko kwenye daftari.

Kuhusu kuwasaka wahitimu, tazama Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004, ikaanza kazi Julai 2005, ikakuta pia madeni ya mikopo iliyokuwa ikitolewa tangu 1994. Wadaiwa walikuwa wametawanyika nchi nzima. Nguzo yake moja ni kumtambua kila mkopaji kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne.

Umuhimu wake unauona ukikaa na rejista. Huku kwetu Ugogoni msichana wa ukoo wa Ng'hambi huandikwa Ng'hambi kanisani, Nghambi shuleni, Nhambi kazini. Akiolewa, jina la mume linaongezeka. Kwenye kompyuta huyo mmoja amekuwa watu wanne, na mmoja kati yao ana namba ya simu iliyokufa. Namba ya mtihani hubeba namba ya kituo, ya mtahiniwa na mwaka, wala haiolewi. Aliyerudia kama mtahiniwa wa kujitegemea anazo mbili, ziandikwe zote.

Nguzo ya pili ni mwajiri, ambaye sheria inamtaka atoe taarifa za mhitimu ndani ya siku 28 tangu kumwajiri. Tangu marekebisho ya 2016, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Nguzo hii shule haina, wala isiitamani. Lile ni deni, huu ni mchango, na mchango huombwa. Tena orodha ya wadaiwa haiazimwi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lililokusanyiwa. Shule ijijengee daftari lake, kwa ridhaa ya wenyewe.

Daftari likishapatikana, ndipo dodoso lina maana. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi zipatazo milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba mgombea Landon angeshinda urais. Mpinzani wake, Roosevelt, alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na hata kati ya hao walijibu waliotaka. Kundi la WhatsApp la wahitimu lina ugonjwa huohuo. Kama shule ina wahitimu 1,200, chagua 100 kwa bahati nasibu kutoka kwenye rejista, kisha wasake mmoja mmoja, hata kwa kumuuliza mjomba gulioni. Ukiwapata wote, mara nyingi makadirio yako hayatapotoka zaidi ya takribani pointi 10 za asilimia juu au chini. Fomu 250 za waliojipendekeza hazikupi uhakika huo.

Na swali lenyewe? "Je, uko tayari kuichangia shule?" halifai. Kwa adabu zetu kila mtu atasema ndiyo. Uliza alichokwisha kufanya: mwaka jana ulichangia harusi ngapi, kwa kiasi gani, na ulilipa kwa mkupuo au ulipunguza ahadi kidogo kidogo? Hapo ndipo mtu anapoonekana.

Ajabu ni kwamba uchambuzi huu tunaufanya kila mwezi kwenye kamati za harusi. Mhazini ana daftari lenye safu nne: jina, ahadi, alicholipa, salio. Akilitazama anajua nani apigiwe leo, nani asubiri mshahara, nani ahadi yake ni maneno. Vyuo vya ng'ambo huwapanga wahitimu kwa mambo matatu: alitoa lini mara ya mwisho, mara ngapi, kiasi gani. Tofauti ni kwamba daftari la harusi hutupwa baada ya sherehe, wakati mfuko wa wahitimu wa Yale, ulioanza 1890, umeendelea hadi leo.

Wewe uliyesoma shule ya kata hapa Chamwino, namba yako ya mtihani iko kwenye cheti chako. Ipeleke shuleni, pamoja na namba ya simu unayoitumia leo.